Uchungu Hausubiri Maradhi Yaishe

[Muziki wa kipindi, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Leo katika historia tunauliza: maradhi ya kuambukiza yakiingia, mtoto anayezaliwa usiku huo anapokelewa na nani, na mtu huyo alifundishwaje?

Sisi wa Arua na Koboko tuko jirani na Kongo na Sudan Kusini, na virusi si vigeni kwetu. Mwaka 1937 damu ya mama mmoja mwenye homa, wa Omogo, ilipopimwa Entebbe, ilikutwa na kirusi kipya. Kikaitwa West Nile, jina la eneo letu. Mwaka 2000 Ebola iliua watu 224 Uganda, wengi wao Gulu. Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor alikuwa mmoja wao. Mwaka 2019 mgonjwa wa Ebola alipatikana Ariwara, ng'ambo tu ya mpaka.

Kisha ikaja korona. Uganda ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 21 Machi 2020. Kabla mwezi haujaisha, magari yalisimamishwa na bodaboda zikakatazwa kubeba abiria. Mama mwenye uchungu alihitaji ruhusa ya RDC ili apande gari. Aprili, Rais alisema wajawazito waende bila ruhusa.

[Muziki mfupi]

Kufika hospitali ni nusu ya safari. Mtoto asiyepumua anahitaji msaada ndani ya dakika moja: akaushwe, asuguliwe mgongo, na akikaa kimya asukumiwe hewa kwa mfuko na barakoa ndogo. Tangu 2010 wahudumu wa nchi nyingi hujifunza kazi hii kwa mwanasesere. Katika hospitali 8 za Tanzania, baada ya mafunzo hayo, vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Lakini korona ilikataza mikusanyiko, na semina ni mkusanyiko. Je, mafunzo yasimame?

Jibu lilikuwa limeshapatikana Haydom, Tanzania. Huko semina ya siku moja iliwafanya wahudumu wafanye vizuri kwa mwanasesere, ila kwa watoto wenyewe hapakuwa na mabadiliko. Ndipo wakaweka mwanasesere karibu na chumba cha kuzalia, kila mkunga afanye zoezi la dakika 3 hadi 5 kila wiki. Vifo vikapungua. Zoezi kama hilo halihitaji ukumbi wala posho ya safari. Wakunga wawili wenye barakoa wanatosha.

Jambo la pili ni hofu. Wakati wa korona, mahali pengi duniani mtoto alitengwa na mama yake ili asiambukizwe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza hesabu yake: kuwalea njiti kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kungeweza kuokoa watoto zaidi ya 125,000. Ambao wangekufa kwa korona hawakufika 2,000. Kumtenga mtoto kulikuwa hatari kuliko kirusi chenyewe.

Ebola ni tofauti. Inaweza kupita katika maziwa ya mama, hivyo hapo fuata maelekezo ya wahudumu.

[Muziki unapanda taratibu]

Kwa hiyo, mama na baba, maradhi yakitangazwa tena, msijifungulie nyumbani kwa woga. Mkifika kituoni ulizeni: "Mfuko wa kumsaidia mtoto kupumua upo? Nani anajua kuutumia?" Nanyi wahudumu, mwanasesere asifungiwe kabatini. Mtoto wa kesho atahitaji mikono iliyofanya mazoezi wiki hii.

Hadi kipindi kijacho, kwaheri.

[Muziki wa kufunga]