Pamba ya Nandete, Mpingo wa Kikole

Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika Milima ya Matumbi, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waliingia katika shamba la pamba wakang'oa miche michache. Kwa wenyeji, kitendo hicho kilikuwa tangazo la vita. Baada ya siku chache mapigano yalikuwa yamefika Kibata, alikokaa akida wa serikali ya Wajerumani, kisha yakateremka hadi Samanga pwani. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro, lakini kumnyonga hakukuzima chochote. Vita vya Maji Maji vilienea kusini nzima vikadumu hadi mwaka 1907.

Shuleni tunavifundisha vita hivi kama kisa cha dawa iliyoshindwa na bunduki. Napendekeza tuvisome pia kama mgogoro wa ardhi na jasho. Tangu mwaka 1902, chini ya Gavana von Götzen, vijiji vya kusini vililazimishwa kulima mashamba ya pamba ya pamoja. Kazi hiyo iliangukia msimu uleule ambao mkulima alitakiwa awe katika mpunga na mahindi yake. Katika wilaya ya Dar es Salaam wakulima waliambiwa mwishoni mwa mwaka wapokee senti 35 kila mmoja, nao wakazikataa. Mmatumbi hakuichukia pamba kwa kuwa pamba. Alichokataa ni kwamba shamba lilipangwa na mtu asiyelala njaa mavuno yanapokosekana.

Tena, hakuwa na mahali pa kupeleka neno lake. Akida hakuwajibika kwa mwanakijiji, na mwanakijiji hakuwa na baraza lililotambuliwa wala karatasi ya kutia sahihi. Njia pekee ya kusema hapana ilikuwa kung'oa mche, na gharama yake ikawa maangamizi. Jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji na maghala ya chakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Serikali ya kikoloni ilikiri vifo 75,000, na wanahistoria wengi huamini idadi halisi ilizidi hiyo mara kadhaa.

Nimeanzia mbali kwa sababu swali la Nandete halijafungwa. Miaka 100 baadaye liliulizwa tena katika Kilwa ileile, safari hii juu ya miti.

Kwa muda mrefu Mto Rufiji ulikuwa kama ukuta kati ya kusini na soko la Dar es Salaam. Msafiri alisubiri pantoni, na mvua za masika zikinyesha alisubiri zaidi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 ukuta huo ulianguka. Watu wa Lindi na Mtwara walikuwa wamelidai daraja hilo kwa miongo mingi, na walikuwa na haki. Hata hivyo, waliokuwa tayari kulitumia mapema zaidi ni wafanyabiashara wa magogo. Mninga, mkongo na mpingo vilitoka porini kwa kasi isiyowahi kuonekana. Ripoti ya shirika la TRAFFIC iliyotolewa mwaka 2007 ilieleza kwamba, katika kilele cha biashara hiyo, hadi asilimia 96 ya mapato ambayo serikali ingeyapata kutokana na magogo yalipotea. Takwimu za forodha za China zilionyesha kuwa nchi hiyo ilipokea mbao na magogo ya Tanzania mara 10 ya kiasi ambacho sisi wenyewe tuliandika kuwa tumeuza. Kijiji kilichoulinda msitu kwa vizazi kiliambulia fedha kidogo mno, wakati mwingine tambiko la chai na ahadi ya mabati.

Katika miaka hiyohiyo alifika mgeni mwingine. Dunia ilikuwa inatafuta mafuta yanayotokana na mimea, na kampuni ya Kiholanzi, BioShape, ilikuja Kilwa kutafuta ardhi ya kulima mbono kaburi. Vijiji vinne, yaani Mavuji, Migeregere, Liwiti na Nainokwe, vilikubali kuachia takriban hekta 34,000. Sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa msitu wa asili. Zilizopandwa ni hekta mia chache tu. Fedha za wafadhili zikakauka, shughuli zikasimama, na mwaka 2010 kampuni ilikuwa imefilisika. Vibarua walirudi makwao bila kazi, na wanakijiji walibaki wakiuliza ardhi sasa ni ya nani.

Jibu la swali hilo ni la kisheria, na kila mtumishi wa halmashauri anapaswa kulijua kwa moyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaupa mkutano mkuu wa kijiji uwezo wa kukubali au kukataa uhamishaji wa ardhi isiyozidi hekta 250. Eneo likizidi hapo, kijiji hutoa maoni na uamuzi hupanda juu. Ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya jumla, hairudi kijijini yenyewe mwekezaji anapoondoka. Kwa hiyo mkutano wa saa mbili chini ya mwembe unaweza kufuta urithi wa wajukuu ambao hawajazaliwa, na muhtasari wake ukasomeka kuwa kila kitu kilifuata utaratibu.

Lakini Kilwa hiyohiyo ina upande wa pili wa habari hii, na huo ndio ninaotaka wanafunzi wangu waujue kama wanavyoijua Nandete. Sheria ya Misitu, Namba 14 ya mwaka 2002, inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuutungia sheria ndogo, kupanga uvunaji na kubaki na mapato yake. Kijiji cha Kikole kilikuwa miongoni mwa vya kwanza wilayani kuifuata njia hiyo, kikisaidiwa na shirika la MCDI lenye makao Kilwa Masoko, ambalo chimbuko lake ni utafiti wa mpingo ulioanza katika miaka ya 1990. Kazi yenyewe haikuwa na shangwe: kupima mipaka, kupatana na kijiji jirani, kuhesabu miti, kuchagua kamati ya maliasili, kufanya doria. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha FSC, ikawa misitu ya asili ya kwanza barani Afrika inayosimamiwa na jamii kukipata. Baadaye vijiji vingine vilifuata, na kimojawapo ni Nainokwe, mmoja wa wale wanne waliokwisha kuonja mbono kaburi.

Wilaya ni moja, sheria ni zilezile, na miaka inakaribiana. Tofauti ni kwamba katika habari ya mbono kaburi mwekezaji alitangulia na kijiji kikamfuata kwa kujibu. Katika habari ya mpingo kijiji kilitangulia: mnunuzi alipofika alikuta mpaka umechorwa, bei imeandikwa na watu wanaojua kwamba wanaweza kumrudisha alikotoka. Uanaharakati wa Kikole haukuwa wa mabango. Ulikuwa wa kumbukumbu za vikao.

Nasema haya huku macho yakiwa kwenye milima mingine ya kusini. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yamechimbwa tangu mwaka 2011, na malori yake huteremka hadi bandari ya Mtwara. Huko Mchuchuma, Ludewa, mkataba ulitiwa sahihi mwaka huohuo wa 2011, na wananchi wakasubiri fidia zaidi ya miaka 10, wakiogopa kuendeleza mashamba ambayo wangeambiwa kesho wayaache. Hapa silaha ya Kikole ina kikomo. Msitu wa kijiji ni wa kijiji, lakini madini yaliyo chini yake ni mali ya taifa, na leseni ya kuyachimba haitolewi na mkutano wa kijiji.

Kikomo hicho hakimaanishi ukimya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi kuanza, na inadai wananchi washirikishwe. Kijiji chenye mpango wa matumizi ya ardhi uliosajiliwa, chenye orodha ya visima, makaburi na mashamba yake, kinaingia katika tathmini hiyo kikiwa na ushahidi. Kijiji kisicho na chochote kinaingia na malalamiko, na malalamiko hayana ukurasa katika faili.

Kwa wanaharakati, basi, ombi langu ni kwamba fikeni kabla ya mtambo wa kuchimba, mkiwa na nakala za sheria kwa Kiswahili. Kwa watumishi wa umma, ombi langu ni zito zaidi. Afisa ardhi anayekwenda kijijini kusoma hekta kwa haraka, bila kueleza kwamba ardhi ya jumla hairudi, amekalia kiti cha akida, hata kama anazungumza lugha ya mama ya wanakijiji.

Mandai na Machela waling'oa pamba kwa sababu hapakuwa na kikao cha kuikataa. Leo kikao kipo, na kina nguvu ya sheria. Tutakuwa tumewadhulumu mara ya pili tukiacha kiitishwe pale tu mwekezaji anapokuwa ameshaketi meza kuu.