Mugutha: Nambari Kati ya Kadi na Ramani

Hatimiliki ikipotea Mugutha, eneo la Ruiru, tangazo lake katika Gazeti Rasmi la Kenya hulitaja shamba kwa mfululizo unaoanza na Ruiru/Mugutha Block 1 na kuishia kwa nambari ya kipande. Wengi huuona mfululizo huo kama anwani tu. Kwa kweli umebeba mzigo mzito kuliko anwani yoyote, kwa sababu ndio unaounganisha kumbukumbu mbili zilizolelewa katika ofisi mbili: kadi ya msajili inayosema mali ni ya nani, na ramani ya mpimaji inayoonyesha mali yenyewe iko wapi. Migogoro ya ardhi katika ukanda wa Ruiru na Juja imezoeleka kuelezwa kwa tamaa ya watu. Mimi naiona zaidi kama historia ya kiungo hicho, jinsi kilivyofungwa na jinsi kilivyoachwa kulegea.

Zamani za ukoloni kiungo hakikuwa tatizo. Ardhi ya upande huu ilikuwa ya walowezi, mashamba mapana ya kahawa na mkonge, na hati zake zilifuata utaratibu ambao Robert Torrens aliuanzisha Australia Kusini mwaka 1858. Kila shamba lilipimwa kwa usahihi, likapewa nambari yake, na mchoro wa upimaji ukaambatanishwa na hati yenyewe. Wenye mali walikuwa wachache na mashamba yalikuwa makubwa, hivyo gharama ya kupima haikumtisha mtu. Lakini kwenye maeneo ya Kiambu yaliyotengewa Waafrika, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954, huku Hali ya Hatari ikiendelea, serikali iliunganisha vishamba vilivyotawanyika na kuvisajili kwa haraka. Kupima maelfu ya vipande kwa usahihi wa mashamba ya walowezi kungechukua miaka na fedha nyingi mno. Ramani zikachorwa kwa kukadiria, mara nyingi kutokana na picha za angani, na mpaka halisi ukabaki kuwa ule ua uliopandwa shambani.

Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ndiyo iliyoupa utaratibu huo umbo lake la kudumu. Kadi iligawanywa sehemu tatu: mali, mwenye mali, na mizigo iliyo juu ya mali, kama vile mkopo wa benki. Ramani ilikaa kando. Kisha sheria ikatamka kwamba jina la eneo la usajili, nambari ya bloku na nambari ya kipande, vikitajwa pamoja, vinatosha kukitambulisha kipande chochote. Huo ni uamuzi wa busara sana. Miaka saba baadaye, mwaka 1970, Edgar Codd wa kampuni ya IBM alichapisha makala yaliyoweka msingi wa hifadhidata za leo, ambamo majedwali mbalimbali huunganishwa kwa thamani yanazoshiriki. Karani wa ardhi nchini Kenya alikuwa tayari anafanya hivyo kwa kalamu. Tena, ramani za kompyuta zenyewe zina mzizi nchini humu: Roger Tomlinson, aliyeongoza ujenzi wa mfumo wa kwanza wa aina hiyo huko Canada katika miaka ya 1960, alipata wazo lake kampuni yake ilipotakiwa kutafuta mahali pa kupanda miti nchini Kenya, na gharama ya kulinganisha ramani kwa mkono ikaonekana haibebeki.

Baada ya uhuru, mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika vya wananchi waliochanga fedha zao. Hapo ndipo ilipozaliwa kumbukumbu ya tatu, daftari la wanachama. Mwanachama alikuwa na cheti cha hisa, akapiga kura ya kugawiwa kipande, akaonyeshwa bikoni za mipaka yake, akajenga. Kwa wakati huo serikali ilikuwa bado na nambari moja tu ya shamba zima. Ili nambari moja izae mamia, ilibidi mpango wa ugawaji uidhinishwe, mpimaji achore, hati kuu irejeshwe, kadi mpya zifunguliwe na ramani irekebishwe. Hatua moja ikirukwa, mambo hayaharibiki papo hapo, na hiyo ndiyo hatari yake. Kipande kinakuwepo kwenye ramani bila kadi. Kadi inakuwepo bila kipande. Au vipande viwili vinagawanywa upya, fomu ya mpimaji inafika ofisi moja na haifiki ya pili. Mwenye cheti cha hisa na mwenye hatimiliki wanaweza kuishi miaka ishirini kila mmoja akiamini shamba ni lake, mpaka bei ipande. Na bei ilipanda: barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, viwanja vya Ruiru na Juja viligeuka mali ya kugombaniwa.

Atakayepinga atasema tatizo ni wizi, si kumbukumbu, na ana ushahidi. Ripoti ya tume ya Paul Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria na watu waliojua vizuri wanachofanya. Sikatai. Lakini mwizi wa ardhi habebi udongo. Hubeba karatasi, na karatasi yake hupita pale tu ambapo hakuna anayeilinganisha na ramani na historia ya kipande. Mahakama ya Juu iliona hivyo katika kesi ya Dina Management mwaka 2023, iliposema hatimiliki peke yake haitoshi iwapo mizizi yake imeoza. Mwingine atasema ramani zenyewe ni za makadirio, basi kuna faida gani kuzifunga na kadi? Sheria ya 1963 ilikubali, na ile ya 2012 iliyoirithi inakubali, kwamba mipaka ya ramani hizo ni ya kukadiria. Hata hivyo, kukadiria mstari si kukadiria kipande. Ua unaweza kusogea hatua mbili na msajili akaamua. Ila nambari moja ikiwa na kadi mbili, hakuna mpimaji wa kuamua, ni mahakama na miaka.

Ndiyo maana siungi mkono furaha ya haraka juu ya kompyuta. Mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021 kwa kuanzia Nairobi, umeleta kadi na ramani chini ya paa moja, na hilo ni jambo jema lililochelewa. Vivyo hivyo orodha za kubadilisha nambari za zamani kuwa mpya, zilizochapishwa ili kila moja ioane na mrithi wake. Nayo sheria ya 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo imeongeza uzito wa nambari, kwa kuwa chini yake kipande kimoja cha ramani kinaweza kubeba fleti arobaini na wenye fleti arobaini. Lakini mashine itaunganisha chochote chenye nambari inayolingana, iwe kweli au kosa, na kosa likishaingia litatoka likiwa na sura ya ukweli.

Kwa hiyo kazi inayotakiwa Mugutha inaanzia kwenye daftari za kampuni na bikoni za shambani, kabla ya skrini: kila nambari isomwe kwenye kadi, kwenye ramani na mbele ya majirani, na zile zisizokubaliana zitangazwe kabla hazijaingizwa. Na wewe unayenunua kiwanja leo, usiridhike na matokeo ya utafutaji kwa msajili peke yake. Chukua pia ramani kutoka kwa mpimaji, nenda nayo shambani, na usitoe hata shilingi mpaka nambari, umbo na majirani vikubaliane.