Saa ya Thamani Ikisimama: Kuitengeneza au Kuiuza? Maelezo kutoka Toronto

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu, Maskati, Dubai, Doha na hata huku Kanada, haikosi saa moja kwenye saraka ya kabati ambayo haijavaliwa kwa miaka. Ni Rolex, Omega au Cartier, aghlabu ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, na sasa imesimama. Mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki, au yupo lakini hataki kusikia gharama za ufundi. Suali linalorudi ni lile lile: tuitengeneze au tuiuze hivyo hivyo?

Mimi naishi Toronto, na suali hili lilinifika kwa saa ya marhum baba yetu. Ni Datejust ya chuma ya miaka ya 1970, aina ya 1603, aliyoinunua mkononi mwa mtu huko Matrah. Warithi tumetawanyika, wengine Oman, mimi Kanada. Nayaandika haya kwa utaratibu ili familia nyengine ipate pa kuanzia.

Kwanza: je, imeharibika kweli?

Saa nyingi za bei kubwa hazina betri. Ndani yake mna kamani, yaani ule utepe wa chuma uliokunjwa, unaojazwa kwa kutia ufunguo au kwa mwendo wa mkono wa mvaaji. Saa inayojijaza yenyewe ikiwekwa kabatini siku mbili au tatu husimama, wala si mbovu. Itie ufunguo taratibu mara thelathini hivi, uone kama inakwenda.

Ikiwa inakwenda lakini inakimbia mbele kwa dakika nyingi kwa siku, huenda imeshika sumaku kutoka kwenye spika, kava la simu au kifungo cha mkoba. Kuondoa sumaku ni kazi ya dakika chache kwa fundi.

Ikisimama tena baada ya muda mfupi, mara nyingi sababu ni mafuta yaliyokauka. Mashine ya saa yetu, namba 1575, hupiga mapigo 19,800 kwa saa moja, na zilizoifuata hupiga 28,800. Vyuma vidogo kama hivyo haviwezi kusuguana bila mafuta miaka ishirini visiliwe. Rolex hupendekeza saa zake zifunguliwe na kusafishwa kila baada ya miaka kumi hivi.

Hatari zaidi ni maji. Ukiona ukungu chini ya kioo, usingoje, wala usiitie saa katika mchele. Kutu huanza upesi, na kazi ya kusafisha tu hugeuka kuwa kazi ya kubadilisha vyuma. Sisi watu wa pwani tuzingatie hili, kwani jasho, chumvi na unyevunyevu hula mipira ya kuzuia maji pole pole bila mtu kuona.

Saa za betri, kama nyingi za Cartier za miaka ya 1980, zina adui wao: betri iliyokufa ikiachwa ndani huvuja na kuharibu mashine. Kama saa haivaliwi, itolewe betri.

Pili: itazame usoni kabla ya kumpa mtu

Hapa ndipo familia zetu hupoteza mali. Kuanzia miaka ya 1970, Sultani Qaboos bin Said aliagiza saa za kutoa zawadi, nyingi kupitia duka la Asprey la London. Usoni mwake huwa na nembo ya Oman, yaani jambia na panga mbili zilizopishana, na nyengine zina saini ya Sultani. Walipewa maofisa, washauri na wageni. Upande wa Imarati nako zipo zenye kipanga wa Kikureshi. Wakusanyaji wa saa huzitafuta sana, na bei yake huweza kuwa mara nyingi ya saa ya aina ile ile isiyo na nembo.

Thamani yote hiyo imo katika uso wa saa. Fundi akiubadilisha kwa uso mpya unaong'aa, hata kwa nia njema, thamani imekwenda. Kadhalika akrabu za zamani na rangi yake inayong'aa gizani. Saa za enzi zile zilitumia tritiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 hivi, na herufi T zilizoandikwa chini ya uso karibu na neno Swiss ndizo dalili yake. Kwamba haing'ai tena usiku si ubovu, ni umri.

Tahadhari ya upande wa pili: nembo ya jambia huchapishwa na matapeli pia. Ushahidi ni karatasi, sanduku, picha ya mzee akiwa ameivaa, au barua aliyopewa nayo. Patek Philippe hutoa hati kutoka kwenye kumbukumbu zake kwa mwenye saa. Rolex haitoi. Kwa hivyo karatasi zilizobakia nyumbani msizitupe hata kama zimechakaa.

Saa ya baba haikuwa na nembo yoyote. Ilikuwa na uso wake wa asili, kioo chake cha plastiki chenye mikwaruzo, na mkanda uliolegea.

Tatu: kumpeleka kwa nani

Toronto mna njia mbili. Ya kwanza ni kituo cha kampuni yenyewe au wakala wake, na maduka mengi ya mawakala yapo Bloor Street, sehemu ya Yorkville. Utapata vipuri halisi na dhamana, na Rolex hutoa dhamana ya miaka miwili baada ya matengenezo. Lakini kampuni hupenda kuirudisha saa iwe kama mpya: kusugua kasha, kubadilisha akrabu, kupendekeza uso mpya. Pia huweza kukataa saa yenye vipuri visivyo vyake, jambo la kawaida kwa saa iliyopita mikono mitatu minne. Na namba ya saa itaangaliwa. Ikiwa iliwahi kuripotiwa kuibiwa, tayari una kesi. Anayenunua saa iliyotumika aiulizie kwanza The Watch Register ya London, yenye orodha ya saa zilizopotea na kuibiwa.

Ya pili ni fundi wa kujitegemea. Wengi wamo katika majengo ya masonara katikati ya mji, karibu na Yonge na Queen. Kanada bado ina chuo cha ufundi saa, kule Trois-Rivières katika jimbo la Quebec. Muulize fundi alisomea wapi, vipuri anapata wapi, na kama ana mashine ya kupima maji. Fundi mzuri hakasiriki kuulizwa.

Kokote uendako, taka makisio kwa maandishi. Chini ya sheria ya Ontario ya kuwalinda wateja ya mwaka 2002, makisio yakiwa ndani ya mkataba, mwenye kazi hawezi kukutoza zaidi ya asilimia 10 juu yake bila wewe kukubali mabadiliko. Kumbuka kodi ya mauzo ya Ontario ni asilimia 13. Na andikeni sentensi tatu kwenye risiti: kasha lisisuguliwe, uso na akrabu zisibadilishwe, vipuri vya zamani nirudishiwe.

Nne: hesabu yenyewe

Zinahitajika namba tatu tu. Bei ya saa ilivyo sasa, mbovu. Bei yake ikiwa inakwenda. Na gharama ya kuitengeneza. Usizitoe kwenye matangazo ya intaneti, kwani pale mtu huandika anachotamani, si alichopata. Nenda kwa wanunuzi wawili au watatu, wakuandikie.

Kwa saa yetu, kwa dola za Kanada, bei ya juu kabisa niliyopewa ikiwa imesimama ilikuwa 3,200. Ikiwa inakwenda, 4,800. Matengenezo kwa fundi wa kujitegemea, pamoja na kodi, 850. Kwa hivyo kuitengeneza kulikuwa kunaongeza 750 juu ya kuiuza mbovu.

Ukitazama haraka utasema itengenezwe. Lakini 750 hiyo ina hatari zake. Fundi akifungua akakuta kutu, gharama hupanda. Muuzaji atakayekuuzia kwa niaba yako huchukua fungu lake. Na mwenye duka ana fundi wake wa bei ya chini, ndiyo maana yeye anaweza kuinunua mbovu na bado akapata faida. Kanuni ninayoifuata ni hii: ikiwa nia ni kuuza, na faida ya kutengeneza haifiki angalau nusu ya gharama yake, iuze ilivyo. Ikiwa nia ni kuivaa, linganisha gharama na bei ya kununua nyengine kama hiyo inayokwenda, usilinganishe na bei ya saa mbovu.

Tano: saa ya mirathi si ya aliyeishika

Hili ndilo lililokuwa zito kwetu. Mmoja wa dada zangu alitaka iuzwe, kwa sababu fedha ilikuwa inahitajika. Ndugu yangu alisema ni aibu kuuza saa ya mzee. Wote wawili walikuwa na haki ya kusema, kwa kuwa saa ilikuwa mali ya warithi wote, na mapenzi ya mmoja hayafuti fungu la mwengine.

Tuliigawa kwa karatasi kwanza. Warithi ni mama, wana wawili wa kiume na watatu wa kike. Tulichukua bei ya ilivyo, 3,200, kwa sababu ndiyo mali iliyokuwepo. Ile 4,800 haikuwepo bado. Thumni ya mama ni 400. Zikabaki 2,800, mafungu saba: kila mwana wa kiume 800, kila wa kike 400. Mimi nikaichukua saa kwa fungu langu, nikawalipa wenzangu 2,400, kisha nikalipa 850 ya ufundi mwenyewe. Dada alipata fedha yake, ndugu yangu akapumua, na saa haikutoka nyumbani. Pesa zilizonitoka ni 3,250 kwa saa ya 4,800, na hatari ya matengenezo nikaibeba peke yangu, kama inavyostahiki kwa anayebaki na kitu.

Kama hakuna mrithi anayeweza kuwalipa wenzake, kuiuza na kugawana ni uadilifu, wala hakumvunjii marehemu heshima.

Sita: kuvuka nayo mipaka

Kanada huruhusu mkaazi wake kuingiza bila ushuru vitu alivyorithi kwa aliyefariki nje, kwa masharti yake na kwa vithibitisho kama wasia au cheti cha kifo. Anayetoka Kanada na saa ya thamani kuja Ghuba, kabla ya safari aiandikishe kwa maofisa wa forodha, akiwa na picha na tathmini, ili akirudi asidaiwe kuwa ameinunua nje. Kwa upande wenu, ushuru wa forodha wa nchi za Ghuba kwa kawaida ni asilimia 5, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 5 Oman na Imarati, 15 Saudia. Saa ikitumwa kwa matengenezo tu, karatasi ziseme hivyo wazi.

Mkanda wa ngozi ya mamba uvueni kabla ya kutuma saa. Biashara ya ngozi hizo inabanwa na mkataba wa kimataifa wa wanyama pori, na kifurushi kinaweza kuzuiliwa kwa ajili ya mkanda wa bei ndogo.

Kabla hujaamua

Ipige picha mbele, nyuma na ubavuni. Andika namba ya aina na namba ya saa, ambazo kwa Rolex za zamani zimechongwa ubavuni mwa kasha, nyuma ya mkanda, upande wa 12 na upande wa 6. Kusanya karatasi zote. Waulize wazee saa ilitoka wapi, muda wangalipo. Pata bei mbili za ilivyo na makisio mawili ya ufundi. Kisha kaeni warithi wote, hata kama ni kwa simu, mkiwa na namba mbele yenu. Sisi mazungumzo yalikuwa mepesi siku ile tulipoacha kubishana juu ya saa tukaanza kusoma hesabu.