Kutoka Rugezi hadi Beijing, na kesi ya Bunda

Ukiishika barabara ya Bunda kwenda Kisorya utapita Kibara, kisha utangoja kivuko cha Rugezi. Ng'ambo ni Ukerewe, nyumbani kwa Getrude Mongella, katibu mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing uliotimiza miaka 30 Septemba 2025. Wakamwita Mama Beijing, na neno lenyewe likageuka utani wa vijiweni: mke akibisha kidogo, huyo ni wa Beijing.

Mwezi uliofuata mkutano ule, Oktoba 1995, upande huu wa maji ulikuwa na habari nyingine. Joseph Warioba, waziri mkuu mstaafu, aligombea ubunge wa Bunda dhidi ya Stephen Wasira aliyehamia NCCR-Mageuzi. Wasira akashinda, Warioba akaenda mahakamani, ushindi ukatenguliwa. Ulikuwa ugomvi wa wanaume wawili.

Viti maalumu vya wanawake bungeni vikapanda taratibu: asilimia 15 mwaka 1995, 20 mwaka 2000, 30 mwaka 2005. Ester Bulaya aliingia bungeni kwa mlango huo mwaka 2010, kupitia CCM. Mwaka 2015 akahamia CHADEMA na kulitaka jimbo lenyewe, Bunda Mjini. Mpinzani wake ni Wasira yuleyule, aliyekwisha kurudi CCM na kuwa waziri, mwanasiasa wa tangu enzi za Mwalimu. Akamwangusha.

Utamu uko hapa. Wapiga kura wanne walifungua kesi kupinga matokeo. Mahakama Kuu ikasema hawana haki ya kushtaki. Wakakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaamua kuwa mpiga kura aliyejiandikisha anayo haki hiyo. Shauri likarudishwa likasikilizwe. Novemba 2016 Bulaya akashinda tena. Watu huiita kesi ya Wasira na Bulaya, ilhali Wasira hakuwa mlalamikaji. Hata katika kumbukumbu ya ushindi wa mwanamke, mwanaume hutangulia kutajwa.

Mwaka 2020 Bulaya alishindwa na Robert Maboto, akarudi bungeni kwa viti maalumu, miongoni mwa wanawake 19 ambao CHADEMA iliwafukuza. Wasira sasa ni makamu mwenyekiti wa CCM Bara.

Na Kibara? Iko jimbo la Mwibara, ambako Charles Kajege na Kangi Lugola wamepokezana ubunge. Mwaloni, wanaoanika dagaa, kuwageuza juani na kuwafunga magunia ya kwenda sokoni ni akina mama. Ustawi wa hapa hupimwa kwa magunia hayo, wala si kwa hotuba za kampeni.