Fidia ya Shule za Bweni za Kanada na Suala la Lugha

Neno fidia limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya kale ni mali itolewayo ili mtu akombolewe. Maana iliyozoeleka mahakamani siku hizi ni malipo ya hasara. Habari ya watoto wa wenyeji wa asili wa Kanada yaonyesha jinsi maana hizo mbili ziwezavyo kuachana: hasara yaweza kulipwa, na aliyeipata asikombolewe.

Tangu miaka ya 1880 Serikali ya Kanada iligharimia shule za bweni zilizoendeshwa na makanisa, kusudi watoto watengwe na wazazi wao na kuachishwa desturi zao. Mwaka wa 1920 sheria iliipa Serikali uwezo wa kuwalazimisha watoto kuhudhuria. Watoto wapatao 150,000 walipita katika shule hizo, na za mwisho hazikufungwa ila katika miaka ya 1990. Katika nyingi mtoto aliyesikiwa akinena lugha ya mama yake aliadhibiwa. Wengi walipigwa kikatili, na wako walionajisiwa na wale wale waliokabidhiwa malezi yao.

Kimya kilidumu muda mrefu. Mwaka wa 1990 Phil Fontaine, aliyekuwa kiongozi wa machifu wa Manitoba, alitamka hadharani kwamba yeye na wenzake walidhulumiwa shuleni. Baada ya hapo madai yalimiminika mahakamani, hata ikaonekana kwamba kuyasikiliza moja moja kungechukua miaka mingi, na wazee wangekufa kabla ya hukumu. Ndipo lilipofanywa patano la mwaka wa 2006, likaanza kutumika tarehe 19 Septemba 2007. Tarehe 11 Juni 2008 Waziri Mkuu Stephen Harper aliomba radhi Bungeni kwa niaba ya Serikali.

Patano hilo lilikuwa na malipo ya namna mbili. Kila aliyekaa bwenini alistahili dola 10,000 kwa mwaka wa kwanza, na dola 3,000 kwa kila mwaka uliofuata. Walionajisiwa au kuumizwa vibaya walieleza habari zao faraghani mbele ya mwamuzi, naye alipima kitendo na madhara yake kwa alama. Madai ya namna hii yalizidi 38,000, na malipo yake yalipita dola bilioni 3. Maelezo hayo yenyewe yalizua shauri jingine. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba yateketezwe baada ya miaka 15, isipokuwa mwenyewe akitaka yahifadhiwe. Kwa maana aliyeyatoa aliahidiwa siri.

Walakini katika mizani ile ya alama lugha haikuwa na fungu lake. Wala watoto wa kutwa, waliokwenda shule hizo mchana na kulala kwao, hawakuhesabiwa katika malipo ya bwenini, ijapokuwa walikatazwa lugha zao vile vile. Tena hasara ya lugha si ya mtu mmoja. Aliyenyang'anywa lugha utotoni hakuweza kuwarithisha wanawe, nao hawakuwa na cha kuwapa wajukuu. Malipo ya mtu mmoja mmoja hayakuweza kuifikia hasara ya namna hiyo.

Hoja hiyo ilipelekwa mahakamani mwaka wa 2012 na jumuiya za wenyeji zenyewe, zikidai kwa niaba ya umma wao na si kwa niaba ya mtu fulani. Mwaka wa 2023 lilithibitishwa patano la dola bilioni 2.8 kwa jumuiya 325, fedha hizo ziwekwe katika amana isiyosimamiwa na Serikali, zitumike kwa muda wa miaka 20 kuhuisha lugha, utamaduni, urithi na ustawi wao.

Hapo fidia imeikaribia tena maana yake ya kale. Fedha yaweza kumlipa mwalimu, kutunga kamusi na kuhifadhi sauti za wasemaji. Lakini katika jumuiya nyingi wasemaji waliobaki ni wazee, na kamusi haizungumzi na mtoto mchanga. Dhuluma ya lugha isipofidiwa wangali hai wenye kuisema, kuchelewa huko kwenyewe huwa ni sehemu ya hasara.