Mwalimu Dida na Hadhira Yake

Usiku wa tarehe 11 Februari 2013, katika skuli ya Brookhouse jijini Nairobi, wagombea wanane wa urais wa Kenya walisimama safu moja mbele ya kamera kwa mjadala, jambo lisilopata kutokea nchini humo. Na raia waliozoea kuwaona wakubwa hao majukwaani, wamezungukwa na wapambe, sasa waliwatazama wakihojiwa kama watahiniwa.

Juu ya mashtaka yaliyomkabili Uhuru Kenyatta katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, Raila Odinga alimkejeli kwamba itakuwa taabu kuiendesha serikali kutoka ng'ambo kwa Skype, naye mwenziwe akajibu kwamba hilo ni jambo lake binafsi, halitamzuia kutumikia. Lakini aliyeiteka hadhira alikuwa Mohamed Abduba Dida, mwalimu wa zamani aliyekuwa hajulikani sana, ambaye asingelifika hapo lau mwenziwe Paul Muite, aliyeachwa nje pamoja naye, hakwenda mahakamani. Na kwa ucheshi wake usio na taklifu aliwaacha watu wakiyakariri maneno yake hata kesho yake. Mjadala, ajabu, uliendeshwa kwa Kiingereza, nami sioni insafu hapo kwa mpiga kura wa kawaida.

Kura zilipohesabiwa mwezi Machi, Dida alipata 52,848, akimpita hata Martha Karua, aliyepata kuwa waziri wa sheria, ila hazikufika asilimia moja. Kwani wengi waliomcheka kwa mahaba walikuwa wamekwisha kuazimia zamani, kila mtu na upande wake.