DERAYA ZA SAFWAN NA BANGILI YAKO



Mwaka wa 8 Hijria, kuelekea vita vya Hunayn, Mtume ﷺ aliazima deraya kwa Safwan bin Umayya, ambaye bado hakuwa amesilimu. Safwan akauliza: unaninyang'anya? Akahakikishiwa kuwa ni azima yenye dhamana. Baadhi zilipopotea, Mtume ﷺ akataka kumlipa. Safwan akasamehe, moyo wake ulishauelekea Uislamu.

Tazama: mwenye dhamana hakukwepa, na mwenye mali hakuongeza hata deraya moja.

Dada yangu, ukikata bima au takaful, hakikisha dhahabu yako imetajwa humo. Tunza risiti na picha. Bangili ya mahari ikiibiwa stendi ya Makambako, ripoti polisi mapema, kisha dai kilichopotea tu. Imeibiwa moja ukaandika tatu? Mfuko wa takaful ni michango ya wenzako: hizo mbili umewaibia wao. Mwizi wa stendi hukumjua. Huyu wa pili unamjua.

Allah atulinde na haramu. Aamin. Mfikishie na mwenzako.